Theluji ya Usiku Mmoja
Hotuba kwa vikundi vya vijana wafanyabiashara, Moshi

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu wa vikoba, na ninyi vijana mliosimama mpaka mlangoni, asanteni sana kwa kuniita. Wakubwa zangu, shikamooni.

Leo alfajiri mlima ulikuwa wazi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, yote nyeupe, maana usiku mvua ilipiga huku chini na kule juu ikaanguka theluji. Jirani yangu akaniita kutoka upande wa pili wa ua: "Bwana shamba, hebu tazama! Si walisema barafu inakwisha? Hiyo imerudi." Alikuwa na furaha kweli, nami sikutaka kumharibia asubuhi. Lakini njia nzima ya kuja hapa nimekuwa nikimuwaza, kwa sababu nilichotaka kuwaambia leo kilikuwa pale uani.

Jirani hakukosea kuona. Theluji ilikuwepo. Ila ile ni theluji ya usiku mmoja, jua likipiga siku mbili tatu haipo. Barafu ya Kibo, ile iliyolala kule juu tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, ni kitu kingine. Mwaka 1912 ilipochorwa ramani ilifunika kilometa za mraba zipatazo 11. Ilipopimwa tena mwaka 2011, zaidi ya asilimia 80 ya eneo hilo ilikuwa imekwisha. Ndani ya miaka hiyo karibu mia, asubuhi nyeupe kama ya leo zilikuwa nyingi mno, na kila moja ilimpata mtu wa kusema imerudi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuutambua mwelekeo ungali mchanga, kabla haujawa habari ya kila kijiwe. Jambo hili nimelifuata miaka yangu yote ya ugani, Hai, Siha na Rombo, na baada ya kustaafu nimeendelea kulifuata sokoni nikiwa na daftari mkononi. Ninaamini hivi: watu wakianza kukimbilia kitu, kabla hujakimbia nao, tafuta sababu iliyobadilika. Sababu ikiwepo, unaweza kuuona mwelekeo mapema sana, hata watu wakiwa bado kimya. Isipokuwepo, hata mji mzima ukiimba, ile ni theluji ya usiku mmoja.

Nianze na kosa dogo, tulipite haraka. Hapa Moshi kila mmoja anajua Desemba. Watoto wa mlimani wanarudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza, Nairobi. Magari yamejaa, nauli ziko juu, bucha hazipumziki. Kijana anafungua banda la nyama choma mwezi wa kumi na moja, Desemba anauza mpaka usiku wa manane, Januari anakopa afungue la pili. Februari yuko peke yake na jiko lake. Mauzo yake ya Desemba yalikuwa ya kweli, ila alipaswa kuyalinganisha na Desemba nyingine. Ndugu zetu wa Arusha wanaoishi kwa utalii wanalijua hili vizuri: hakuna anayelinganisha Agosti na Aprili akasema kazi imekufa.

Sasa lile linaloniuma.

Mwaka 2013 kuingia 2014, wimbi la kware lilitoka Kenya likavuka mpaka likatufikia. Mnalikumbuka. Mayai madogo yenye madoa. Yalisemwa yanatibu presha, kisukari, pumu, kila ugonjwa uliokuwa ukimsumbua mtu. Yai moja, dogo kuliko kidole gumba, lilikuwa likiuzwa kwa bei ya mayai kadhaa ya kuku. Mama mmoja mjane, mkulima niliyemhudumia kwa miaka, akaja ofisini na fedha za ng'ombe wake mmoja wa maziwa. Akaniuliza, "Bwana shamba, niingie?" Mimi nikamweleza kuhusu joto la banda, chakula, maji safi, magonjwa. Nilimjibu swali la ufugaji, naye alikuwa ameniuliza swali la soko. Akajenga banda safi kuliko yote niliyoyaona kwenye kata ile. Kware wake walipoanza kutaga vizuri, wanunuzi walikuwa wameisha.

Baadaye nilifanya kazi ambayo nilipaswa kuifanya kabla hajauza ng'ombe. Nilizunguka nikiwatafuta watu walionunua mayai na vifaranga vya kware maeneo yetu, nikiwauliza walinunua kwa ajili gani. Karibu wote walinunua ili nao wafuge, wauze. Mtu wa kuamka asubuhi akakaanga yai la kware kwa sababu analipenda, akala, wiki ijayo akarudi kununua tena, huyo sikumpata. Soko ambalo kila mnunuzi wake ni muuzaji wa kesho linaishi kwa kumeza watu wapya, na watu wana mwisho.

Tuufanye mfano kwa hesabu, maana hesabu hii ningependa kila mtoto wa sekondari aijue. Chukueni upatu ule ambao kila anayeingia anatakiwa kuleta watu 6. Anaanza mmoja. Analeta 6. Hao wanaleta 36, kisha 216, kisha 1,296. Bado unaona ni kidogo, si ndiyo? Mzunguko wa saba ni watu 279,936. Mzunguko wa kumi peke yake unahitaji watu 60,466,176. Ukijumlisha na waliotangulia, unapita milioni 72. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120, pamoja na kichanga aliyezaliwa usiku ule wa kuamkia sensa. Kwa hiyo kabla mzunguko wa kumi haujakamilika, nchi imekwisha, na walioingia mwisho, ambao ndio wengi kuliko wote, hawana wa kumleta. Haihitaji mwizi. Hata mwendeshaji akiwa mtu mwaminifu kabisa, hesabu yenyewe inawaangusha.

Tangu hapo, nikiulizwa "niingie?", nami huuliza: anayekitumia ni nani, na amerudi mara ya pili?

Mfano ni mtungi wa gesi. Wote tunaona mitungi inavyozidi majumbani, na serikali mwaka 2024 ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia kufikia mwaka 2034. Ukitaka kujua kama mtaa wako umehama kweli kutoka kwenye mkaa, usihesabu mitungi. Mtungi mtu anaweza kupewa kwenye mkutano, anaweza kuletewa na mwanawe Krismasi, ukakaa kona ya jiko umefunikwa kitambaa. Nenda kwa wakala umuulize wangapi wanarudi kujaza, na baada ya siku ngapi. Kisha pita kwa mama anayeuza mkaa kwa kopo umuulize yeye mauzo yake yakoje. Wakikupa jibu moja, wakala na muuza mkaa, ambao hawajaonana wala kupanga, una kitu cha kushika.

Hapo kwenye "hawajapanga" naomba tukae kidogo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, ila sisi tunaoishi chini ya huu mlima tunaona mawingu yakifunika Kibo karibu kila siku kabla ya saa sita, na mvua hainyeshi kila siku. Bibi yangu hakupanda kwa kuangalia mawingu peke yake. Aliangalia upepo umetokea upande gani, siafu kama wameanza kuhama, joto la usiku lilivyo. Alitaka dalili tatu ambazo hazikuambiana. Leo kijana ananiambia, "Mzee, habari hii nimeiona kwa watu watatu." Ukifuatilia, wote watatu wameitoa kwenye kundi moja la WhatsApp. Hapo ana shahidi mmoja. Na simu nayo inakuletea leo kile ulichokigusa jana. Ukitazama video mbili za ufugaji wa sungura, kesho asubuhi utadhani Tanzania nzima inafuga sungura.

Na tusisahau anayeonekana na asiyeonekana. Juni 2020 mzee wetu Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Nchi nzima ilimwona. Wanaochimba kwenye machimbo ya Mirerani miaka na miaka bila kupata jiwe la maana hawapigwi picha.

Sasa mwelekeo wa kweli unakuaje? Marekani, jimbo la Iowa, watafiti wawili, Bryce Ryan na Neal Gross, waliwahoji wakulima 259 kuhusu mbegu chotara ya mahindi, na mwaka 1943 wakachapisha walichokipata. Mbegu ilianza kuingia mwaka 1928. Ilizidi ya zamani kwa mavuno, jambo lililokuwa wazi shambani. Lakini baada ya miaka mitano, wakulima walioipokea walikuwa kama asilimia 10. Miaka mitatu iliyofuata wakafika kama asilimia 40. Kufikia mwaka 1941 walikuwa wameipokea wote isipokuwa wawili. Mwendo wake ni wa kutambaa, kisha mbio, kisha kutambaa tena maana waliobaki ni wachache. Na wengi walisikia habari ya mbegu kwanza kwa muuzaji, lakini kilichowafanya waamue ni jirani. Hata waliotangulia walianza na kipande kidogo cha shamba. Nilisoma jambo hilo nikiwa kijana nikaona mashamba yetu ya darasa mle ndani. Mkulima anasimama kando, hasemi kitu, anarudi nyumbani. Msimu wa pili anakuja kuomba mbegu kilo moja. Msimu wa nne amepanda ekari.

Lakini mbona kijiji hiki kinawaka na cha jirani, chenye udongo uleule, kinalala? Hapo Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alitoa hoja mwaka 1978 ambayo naitumia mpaka leo. Kila mtu ana idadi yake anayoingojea. Yuko anayeanza bila kumwona yeyote. Yuko anayengoja mmoja aanze, anayengoja wawili, anayengoja kumi, na mzee ambaye hatapanda mti mpya mpaka kijiji kizima kimepanda. Fikirini mchango wa harusi, namna watu wanavyotazamana mpaka mmoja ataje ahadi yake. Sasa, kama kijijini kwenu yuko anayeanza na yuko anayengoja wawili, lakini hakuna wa kungoja mmoja, yule wa kwanza atabaki peke yake na mti wake, watu watasema hapa haiwezekani. Kijiji cha pili kina mtu mmoja tu wa ziada, mnyororo unakamilika, wanapanda wote. Vijana, ukiona kitu kizuri hakisogei mahali, usiwahukumu watu wa hapo. Huenda anakosekana mtu wa pili. Mara nyingine mtu huyo ni wewe.

Habari yenyewe, je, inaingilia wapi? Huyohuyo Granovetter, mwaka 1973, alionyesha kwamba watu wengi walipata habari za kazi kwa watu wanaofahamiana nao kwa mbali kuliko kwa marafiki wa karibu. Rafiki yako wa karibu anajua unachokijua. Mimi habari za mahindi nilizipata kwa utingo wa malori pale Himo, mtu ninayemsalimia mara moja kwa wiki. Malori ya kwenda Holili, mpakani na Kenya, yakipungua, yeye anajua kabla ya redio.

Nikisema dalili, nina mahali pawili ninapopenda kuzitafuta. Pa kwanza ni kwenye viraka. Kabla ya mwaka 2008 M-Pesa ilipoanza hapa kwetu, mwaka mmoja baada ya Kenya, mtu wa Dar aliyetaka kumtumia mama yake hela Marangu alifanyaje? Bahasha, anampa kondakta wa basi, anapiga simu: "Mama, nenda stendi saa kumi na moja, gari namba fulani." Kondakta alikuwa benki. Bahasha nyingine zilifika, nyingine hazikufika. Kila bahasha ile ilikuwa kiraka, watu wakishona wenyewe mahali palipotoboka. Aliyesimama stendi akahesabu bahasha kwa wiki moja angejua kwamba siku njia salama ikipatikana, hakuna wa kuwashawishi watu. Hata bodaboda, kabla pikipiki hazijajaa, watu walikuwa wanapanda mlimani nyuma ya baiskeli, kwenye matela, juu ya magunia ya ndizi. Hitaji lilikuwa limesimama barabarani likipunga mkono. Pikipiki za bei nafuu zilipoingia, sababu ikawa imebadilika.

Pa pili ni kwa mafundi. Fundi anaona mambo mapema kuliko muuza duka, kwa sababu watu huleta kwake kile wanachokitumia mpaka kikachoka. Miaka kadhaa iliyopita fundi wa pikipiki ninayemfahamu, njia ya kwenda TPC, kiwanda cha sukari, aliniambia kwamba anatengeneza pampu ndogo za petroli nyingi kuliko pikipiki. Sikuhitaji ripoti. Nikajua huko bondeni vijana wameacha kungoja zamu ya mfereji, wanavuta maji wenyewe, na mboga zitajaa. Miezi michache baadaye bei ya nyanya kwenye soko la Mbuyuni iliwauma waliokuwa hawajui.

Na nyanya hizo zinanipeleka kwenye kahawa, maana bila kahawa Moshi haielezeki. Kahawa iliingia mlimani kupitia wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Ikasambaa kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, na sababu kubwa ni kwamba ilikubali kukaa chini ya migomba. Haikumwambia mtu aache chakula cha watoto wake. Mwaka 1925 wakulima walikuwa na chama chao, KNPA, na mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika. Kisha tazameni mambo yanavyotoka mbali: Julai 1975 baridi kali iliunguza kahawa ya Brazili, bei ya dunia ikapanda mpaka 1977, na fedha zikaonekana huku mlimani. Julai 1989 mfumo wa kila nchi kupewa mgawo wa kuuza chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ukavunjika, bei zikaporomoka, na miaka iliyofuata nikiwa kijana kazini niliona wazee wakiing'oa mibuni waliyopandiwa na baba zao. Walikuwa wanajilaumu wenyewe. Walisema hawakutunza vizuri. Hakuna aliyewaambia kwamba chanzo kilikuwa mkutanoni, ng'ambo ya bahari.

Mbuni unachukua miaka mitatu hivi kuzaa. Bei ikipanda leo, watu wote wanapanda leo, mazao yote yanafika pamoja baada ya miaka mitatu, bei inaanguka pamoja, wanang'oa pamoja. Nyanya hufanya mzunguko huohuo kwa miezi mitatu minne. Anayeangalia bei ya leo sokoni anaona uamuzi uliofanywa na watu zamani. Anayetaka kuona bei ya kesho aende kwenye vitalu.

Ndiyo maana siku hizi niko kwenye vitalu vya parachichi. Nimezunguka Siha na Hai, na wiki iliyopita nilifika mpaka Tengeru. Parachichi ya aina ya Hass ina walaji wa kweli, wanakula na kurudi, na Novemba 2022 nchi yetu ilitia saini na China makubaliano ya kuuza parachichi huko. Sababu ipo, sina shaka nayo. Ninachokihesabu ni miche iliyobebeshwa. Nauliza kila mwenye kitalu: mwaka jana uliuza mingapi, mwaka huu mingapi, na wanunuzi wako ni wale waliorudi kuongeza au ni wapya wanaonunua mia tano kwa mara ya kwanza bila kuuliza maji yatatoka wapi? Mche wa mwaka huu ni tunda la baada ya miaka mitatu hivi. Wapya wakizidi sana wanaorudi, nitamwambia mtu apande, ila kwanza awe na maji, na awe na wenzake wa kukusanya mzigo unaotosha gari la baridi. Na nitamwambia asing'oe migomba.

Yule mama wa kware amenipigia juzi. Anataka kupanda parachichi nusu ekari. Mara hii sikumpa jibu kwenye simu. Nimemwomba tuzunguke vitalu vitatu pamoja Jumanne, yeye aulize, mimi niandike.

Mwenyekiti, daftari langu liko hapo mezani, la miaka miwili, lina bei za Mbuyuni kila Jumamosi na idadi za miche. Anayetaka kulinakili analinakili. Nipo tayari kwa maswali, na naomba tuanze na hao waliosimama mlangoni.